Majivu ya Nyuma ya Jiko kwa Ma Koku

Wadogo zangu wa maabara,

Siku ile mliyoniaga nikistaafu mlisema mengi mazuri juu yangu, na kama nusu yake ilikuwa kweli. Yule aliyesema hajawahi kuniona nimekasirika naamini alikuwa amehamia kituoni wiki ileile. Mkaniomba niwaandikie niliyojifunza. Habari za vyeo nitaziruka kwa kuwa hazijazi ukurasa, na za mshahara nitaziruka kwa kuwa mnazijua. Nitawaandikia habari za udongo, za kuvu, na za kosa langu moja lililokaa ardhini miaka mingi likinisubiri, nusura limtoe mjane kwenye kibanja chake.

Siku ya kwanza nilifika kituoni, nje kidogo ya mji wa Bukoba, nimevaa viatu vya visigino. Nilidhani maabara ni mahali penye sakafu. Mzee Felician, aliyekuwa mkuu wetu wa udongo na aliyenifundisha karibu kila ninachokijua, aliviangalia vile viatu kwa huzuni, akanipa ndoo, akasema, "Twende migombani." Tukaenda. Kisigino cha kushoto kilibaki huko, na kama hamjakichimbua bado kipo.

Kanuni zake za kuchukua udongo nilizikariri siku hiyohiyo. Ndoo iwe ya plastiki, maana ya bati huchangia madini yake na kuharibu majibu. Tembea shambani kwa kupindapinda kama mtu aliyetoka kwenye lubisi, pombe yetu ya ndizi, chota huku na kule, changanya, anika kivulini. Na usichote kamwe njiani, wala kwenye kichuguu, wala zizini, wala nyuma ya jiko.

"Nyuma ya jiko kunadanganya," alisema Mzee Felician. "Mwanamke amemwaga hapo majivu na maganda tangu aolewe. Ukipima hapo utadhani Kagera nzima ina udongo mtamu."

Kanuni hiyo niliishika kama katekisimu. Mashine yetu ya kupimia uchachu wa udongo ilikuwa moja tu, na ilikuwa na tabia za mama mkwe: usipoianza asubuhi kwa yale maji yake maalumu, inanuna kutwa nzima na kukupa majibu ya kukukomoa. Mzee Felician hakuiamini. Alikuwa akiweka chembe ya udongo ulimini, anatafuna kidogo, anataja namba, na mara nyingi mashine ilikuja kumuunga mkono. Msimuige. Alikuwa akinywa dawa ya minyoo mara nyingi kuliko mtoto yeyote wa chekechea.

Mwaka wangu wa tatu nilitumwa Ijumbi, wilayani Muleba, kuwafundisha wakulima kupulizia kahawa mrututu, ile dawa ya bluu yenye shaba, ili kuzuia magonjwa. Nilikuwa kijana, nina pikipiki ya serikali na sauti ya kwaya. Kwetu Uhayani kahawa na migomba hukaa pamoja katika kibanja kimoja kinachoizunguka nyumba, kwa hiyo kinachodondoka kutoka kwenye kahawa huishia kwenye udongo wa migomba. Jambo hilo nililijua. Sikulifikiria, na kujua bila kufikiria ni ugonjwa wetu sisi wa maabara.

Wakulima walinisikiliza, wakanipigia makofi, wakarudi nyumbani kufanya yao. Mmoja tu aliandika. Alikuwa bibi harusi wa miezi michache, Kokushubira, ambaye baadaye kijiji kizima kilimwita Ma Koku. Alikuwa na daftari la shule lenye jalada la kijani, akaandika kila neno nililotamka, hata niliposema samahani baada ya kupiga chafya. Nilipenda sana kuandikwa. Nilirudi Bukoba nikijiona askofu.

Miaka ikapita, kama ilivyo desturi yake. Mzee Felician akastaafu, akaniachia mashine na ulimi wake, ulimi nikaukataa. Ndipo kituo kikaanza kazi ya kuvu.

Kwa walioajiriwa juzi: fukusi wa migomba ni mdudu mweusi mwenye mdomo kama wa ndege, mkubwa kidogo kuliko punje ya maharage madogo. Hutaga mayai chini kwenye kitako cha mgomba, na watoto wake hula humo kwa nafasi kama wageni wa harusi wasio na kadi. Mgomba unaonekana mzima, umebeba mkungu, kisha upepo unapita na mgomba unalala chini na mizizi yake juu. Kuvu yetu ilikuwa inamuua huyo fukusi. Inamshika mwilini, inaingia ndani, inammaliza, kisha inachipuka juu yake hadi anakuwa mweupe kama aliyevingirishwa kwenye unga. Fukusi mweupe ndiye alama ya ushindi. Nilimtafuta kuliko nilivyowahi kumtafuta mchumba.

Kuvu tuliikuza kwenye mchele. Tuliupika nusu kwenye sufuria ya presha, kwa kuwa mtambo wa kuchemshia vyombo uliharibika ukabaki kuwa meza, na kila nikipika, ofisi ya utawala ilijikuta ina shida ya haraka maabara. Dereva wetu alikuja siku moja na kijiko chake kabisa. Nilimwonyesha mchele wa wiki iliyotangulia, wenye manyoya meupe, na tangu siku hiyo alikataa hata chai yangu.

Kikwazo cha kwanza hakikuwa sayansi. Tulipoitisha mkutano Ijumbi kueleza kuvu inayoua wadudu, wakulima waligeuka wote kumtazama mzee mmoja. Akasimama Ta Kaijage, yaani Baba Kaijage kwa lugha yetu, mzee mwenye kofia ya pama na fimbo, mtu mzito katika ukoo wake.

"Waitu, Bibi Shamba wetu," alisema, "tumekuelewa. Inaua wadudu. Swali letu ni moja tu. Na senene je?"

Mkutano mzima uliguna, maana kwetu senene, wale panzi wa kukaanga, ni kitoweo kisichochezewa. Nikaeleza kwamba kuvu inakaa chini migombani, senene wanapita juu, tena kwa msimu wao.

"Wakitua?"

"Wakitua mtawaokota kabla kuvu haijawaona."

Hapo walikubali, kwa sharti kwamba senene mmoja akionekana mweupe, mimi nitafutwe nilipo. Ta Kaijage mwenyewe akajitolea kibanja chake kwa majaribio, si kwa kuipenda sayansi, bali ili aweze kuwasimamia senene kwa karibu.

Baada ya mkutano Ma Koku alinivuta pembeni. Sasa alikuwa mjane, na kichwa kimeanza mvi, na daftari la kijani lilikuwa mkononi, limeshonwa mgongoni kwa uzi. Ta Kaijage alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe. Krismasi iliyotangulia, ukoo ulipokusanyika kama kawaida ya kwetu, watu wametoka Dar na Mwanza na kwingineko, Ta Kaijage alisimama kwenye kikao akaonyesha kibanja cha Ma Koku. Migomba ilikuwa imelala chini kama walevi wa sikukuu. Akasema kibanja cha ukoo chenye makaburi ya wazee hakiwezi kuachwa kife mikononi mwa mtu mmoja, kwamba yeye atakichukua, na Ma Koku atajengewa chumba kwa mwanawe mjini. Wazee walimpa Ma Koku Krismasi mbili. Migomba ikisimama, abaki. Ikiendelea kuanguka, aondoke.

"Mimi chumba cha mjini nitakilimaje, Bibi Shamba?" aliniuliza. "Mume wangu yuko pale chini ya mgomba wa tatu. Nitamwambia nimehama?"

Nikamwahidi kwamba migomba itasimama. Msiwaahidi wakulima, wadogo zangu, lakini nilimwahidi.

Nikampa masharti ya majaribio: aweke kuvu chini ya kila shina nilivyomwonyesha, na asiweke kitu kingine chochote. Si samadi, si majivu, si maganda, ili tujue kuvu peke yake imefanya nini. Akaandika yote.

Tulitega vipande vya mashina ya migomba vilivyopasuliwa, maana fukusi huvipenda na kujificha chini yake, na kila nilipofika Ijumbi nilivigeuza na kuhesabu wafu. Kwa Ta Kaijage, mtu mvivu kuliko wote niliowahi kuhudumia, ambaye kwake magugu na matandazo na majani ya miaka kumi vilikuwa vimelala pamoja kwa amani, fukusi weupe walijaa. Alianza kujiita mtaalamu. Aliwapokea majirani na kuwaonyesha maiti kwa ncha ya fimbo, akieleza kuwa ni mkono wake wenye baraka. Kwa Ma Koku, ambaye kibanja chake kilikuwa safi hadi unaogopa kukanyaga, fukusi walikuwa weusi, wanene, na wachangamfu. Hakuna aliyekufa. Nadhani walikuwa wakiongezeka kwa kile chakula cha mchele.

Nilibadili kuvu, nikaongeza kuvu, nikalaumu jua, nikalaumu dereva. Nilipima udongo wake kwa kupindapinda, kwa ndoo ya plastiki, kila kitu kwa kanuni. Ulikuwa mchachu, lakini wa Ta Kaijage nao ulikuwa mchachu. Krismasi ya kwanza ikapita na migomba minane ikaanguka. Ta Kaijage alimtumia shemeji yake mikungu miwili kama zawadi ya sikukuu. Ma Koku aliipika, akaila na watoto wa jirani, na baadaye akaniambia kwamba hajawahi kula ndizi chungu kama zile.

Sasa mnisikilize vizuri, maana ugunduzi mkubwa kuliko yote ya maisha yangu ya kazi niliufanya nikiwa naelekea chooni.

Ilikuwa mchana wa kiangazi. Ma Koku alikuwa amenipa vikombe vitatu vya chai ya maziwa, kwa kuwa alipokuwa na wasiwasi alikaribisha zaidi, na barabara ya Muleba kwenda Bukoba si ya kuanza na vikombe vitatu. Choo kilikuwa nyuma ya jiko. Nilipoinuka tu kuelekea huko, naye akainuka.

"Bibi Shamba, huko si pazuri. Pita huku mbele, nenda kwa jirani."

"Ma Koku, kwa jirani ni mbali."

"Kuna nyoka."

"Basi atanisubiri nimalize."

Nikapita. Nyuma ya jiko kulikuwa na migomba sita, mirefu, mashina manene kama mapipa, na vivuli vyake vimepoa kabisa. Chini yake majivu, maganda ya ndizi, samadi, udongo mweusi unaobonyea. Na kahawa mbili katikati yake, zenye madoa ya bluu ya mrututu kama kahawa nyingine zote za kibanja hicho. Nikageuza kipande cha shina kilichooza kwa mguu, mazoea tu. Chini yake walilala fukusi wanne, weupe wote, kama walioandaliwa kipaimara.

Nilipiga magoti kwenye majivu. Choo nilikisahau, ingawa chenyewe hakikunisahau.

Ma Koku alisimama nyuma yangu ameshika mdomo. "Nisamehe," alisema. "Ulisema nisiweke kitu, na kotekote sikuweka. Lakini hapa mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinionyesha siku ya pili ya ndoa: majivu ya asubuhi hapa, maganda ya jioni hapa. Mkono unakwenda wenyewe. Nimeungama hata kwa padri. Na kuvu yako nayo niliweka kidogo hapa, nikaona ni vibaya kuinyima migomba sita."

"Padri alisemaje?"

"Aliniuliza kuvu ni nini."

Nikamkumbuka Mzee Felician na kanuni yake ya nyuma ya jiko. Yeye alikuwa sahihi: huko kulidanganya juu ya kibanja kizima. Lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini palidanganya vizuri kiasi kile. Nilichota udongo pale, wa kwanza wa aina hiyo katika maisha yangu, nikitazama nyuma kama naiba. Uchachu ulikuwa umeondoka karibu wote. Kisha nikamuuliza Ma Koku kuhusu ile bluu kwenye kahawa. Amekuwa akipulizia mrututu kwa muda gani?

Akaenda ndani akaleta daftari. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa bibi harusi, ulisomeka: *Bibi Shamba Adventina amesema: mrututu kila mvua inaponyesha mfululizo. Usiruke. Samahani.* Na chini yake, ukurasa baada ya ukurasa, alama za vema, msimu baada ya msimu, hata baada ya majirani wote kuacha, hata wiki ya mazishi ya mumewe.

Shaba haiozi. Inakaa. Kwenye udongo mchachu inazurura huru na kuua kuvu zote, za ugonjwa na za msaada, bila kuuliza majina. Kwa Ta Kaijage haikuwapo, kwa sababu Ta Kaijage hakuwahi kufanya lolote nililomwambia. Nyuma ya jiko ilikuwapo, lakini majivu yaliuondoa uchachu na mboji ikaishika shaba mkono isiweze kutembea. Huo udongo niliutia sumu mimi, kwa sauti yangu ya kwaya, kupitia mkulima mtiifu kuliko wote wilayani.

Niliona aibu. Siwaandikii kwa kupamba. Nilikaa kwenye kigoda chake na kulia, na nilikuwa mtumishi wa umma mwenye miwani miwili, ya kusomea na ya kuonea mbali.

"Ma Koku," nilisema, "ungeacha tu. Wenzako waliacha."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Uliniambia nianze," alisema. "Hukuniambia niache."

Andikeni hilo, kama mnaandika.

Tukaanza upya. Mrututu tuliuacha, na kahawa tukaipogoa na kuokota kwa mkono matunda yenye ugonjwa. Majivu yake peke yake yasingetosha kibanja kizima, kwa hiyo Ma Koku alipita kwa wanawake wa Ijumbi nyumba kwa nyumba, na kila asubuhi yakaja kwa ndoo, kwa ungo, kwa makopo ya rangi. Mke wa Ta Kaijage naye alileta ya kwake, kila siku, mumewe akiwa bado amelala, jambo lililompa nafasi ya kutosha. Tulichanganya na samadi, tukatandaza kidogokidogo, maana majivu mengi kwa mpigo nayo ni balaa, kisha tukaweka kuvu. Mvua ziliporudi niligeuza mtego wa katikati ya kibanja, karibu na mgomba wa tatu, penye kaburi. Fukusi mweupe. Ma Koku alimwokota kwa jani, akampeleka pale kaburini, akamwonyesha mumewe.

Krismasi ya pili nilialikwa kama mgeni. Ukoo ulikaa uani, lubisi ikazunguka, mimi nikakaa na wanawake. Migomba ilikuwa imesimama, lakini Ta Kaijage hakuwa mtu wa kushindwa na macho yake mwenyewe.

"Kusimama si hoja," alisema. "Mgomba wenye fukusi husimama hadi siku yake. Nitawaonyesha ndani kukoje."

Akaweka kofia sawa, akaingia migombani, akachagua mwenyewe mgomba wenye mkungu mkubwa kuliko yote, ule ulioelemea. Akausukuma kwa kiganja. Wapi. Akausukuma kwa mikono miwili. Akarudi nyuma hatua tatu, wazee wakasema, "Ta, inatosha," akauendea kwa bega.

Mgomba ulitikisa majani kidogo. Ta Kaijage ndiye aliyelala. Miguu ilitangulia mbele kwenye matandazo mabichi, fimbo ikaenda kwake, kofia ikaenda kwake, na yeye akakaa kwenye mchanganyiko wa samadi na majivu ambayo kwa sehemu yalitoka jikoni kwake.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Ma Koku alisogea taratibu, akainama, akamtazama shemeji yake kuanzia juu hadi chini kama nilivyomfundisha kukagua mgomba ulioanguka.

"Mwinueni Ta polepole," alisema. "Huyu ameliwa kwenye kitako."

Mzee wa ukoo alicheka hadi akashika ukuta. Alipoweza kusema, alisema kikao kimefungwa na chakula kije. Hakuna aliyerudia habari ya chumba cha mjini, Krismasi ile wala nyingine zote zilizofuata. Ma Koku yuko palepale.

Basi, hayo ndiyo niliyojifunza, na yamenichukua miaka yote hiyo. Mwezi uliopita mmoja wenu, wa ajira mpya, alifika kwenye kibanja changu huku Kimwani bila kujua mimi ni nani. Kijana mzuri, ana pikipiki na sauti. Akanionyesha migomba yangu atakayofanyia majaribio, akasema, "Mama, hapa usiweke kitu chochote kile. Hata majivu."

"Sawa, mwanangu," nilimwambia, nikatoa daftari nikaandika neno kwa neno. Nikaona jinsi alivyopenda kuandikwa.

Alipopotelea barabarani nilikwenda jikoni, nikachukua kopo la majivu, nikazunguka nyuma.